Kiti cha Kuteuliwa

Machi 7, 2016, watu wa Jilore walipanga foleni tena na kutiwa wino vidoleni kumchagua mbunge wa Malindi, uchaguzi mkuu ukiwa bado zaidi ya mwaka mzima. Mbunge wao hakuwa amefariki, wala mahakama haikuwa imemvua ubunge. Rais alikuwa amemwita.

Dan Kazungu aliingia Bungeni 2013 kwa tikiti ya chama cha ODM. Mwishoni mwa 2015 Rais Uhuru Kenyatta akamteua Waziri wa Madini. Chini ya katiba ya zamani angeshika vyote viwili. Katiba ya 2010 inamkataza waziri kuwa mbunge. Ilifuata mtindo wa Marekani, ambako Hillary Clinton aliacha useneta 2009 ndipo akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Kazungu naye akaachia kiti, na Malindi ikakaa bila mbunge hadi Machi. Jubilee, upande wa Rais, ililitaka sana jimbo hilo, lakini Willy Mtengo akalirudisha mikononi mwa ODM.

Na uwaziri wenyewe? Mapema 2018 Rais alipounda baraza jipya, Kazungu hakuwemo. Alipelekwa Tanzania kuwa balozi.

Tuna desturi ya kushangilia mtu wetu akiteuliwa, kana kwamba wizara imekuja kijijini. Haiji. Rais wa Kenya hupata mamlaka kwa zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Mbunge hupata yake kwa kura za jimbo. Waziri hana kura hata moja ya kumkinga. Akiteuliwa, Bunge humpiga msasa. Akifutwa, Bunge haliulizwi. Julai 11, 2024, Rais William Ruto alifuta karibu baraza zima kwa siku moja, na miongoni mwa waliotoka alikuwemo Aisha Jumwa, naye aliyewahi kuwa mbunge wa Malindi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mgombea ubunge akifika Jilore kuomba kura, muulizeni hadharani, kabla hamjampigia makofi: Rais akikuita, utabaki nasi miaka mitano? Msikubali aondoke bila kujibu.