Mpe Mtoto Mtu wa Kumwandikia

Mwambie mtoto wa darasa la sita aandike insha ya "Likizo Yangu", naye atakuletea ukurasa mzima usio na mtu ndani yake. Aliamka asubuhi, akapiga mswaki, akanywa chai, akaenda shamba, akarudi, akalala. Hana kosa. Alitakiwa kujaza mistari ili apate alama ya vema, na mistari imejaa. Mwaka unaofuata anaanza kujiandaa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambako sehemu kubwa ya kazi ni kuchagua herufi na kuisiliba kwa penseli. Hivyo anaweza kuvaa sare miaka yote hiyo, akatoka hodari wa kusiliba, ilhali hajawahi kumwandikia mtu yeyote jambo ambalo mtu huyo alikuwa halijui.

Wazazi wengi wakiliona hilo hukimbilia tuisheni na insha ndefu zaidi. Mimi nashauri kinyume chake. Mpe mtoto kazi fupi ya kuandika, ya nusu ukurasa, lakini awepo mtu anayeisubiri kweli. Sisi wa Tabora tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine, maana tunaishi juu ya barabara iliyolithibitisha.

Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe, yaani eneo letu hili la Tabora, kisha Ujiji, ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Tunaikumbuka kwa pembe za ndovu, vitambaa, shanga, miembe iliyobaki kando ya njia, na kwa uchungu wa watu waliotekwa wakauzwa. Ila ilipitisha karatasi pia. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za mmisionari na mpelelezi David Livingstone, wenye tarehe ya Novemba 1870 kutoka Zanzibar. Ulikuwa umecheleweshwa njiani miezi kadhaa, na mwenyewe yuko mbele huko hana habari ya nyumbani wala ya dunia. Stanley akaubeba hadi Ujiji. Watu walioishi kwa kusubiri hivyo walijua thamani ya nusu ukurasa.

Katika wote walioandika kwenye njia hii, ninayempenda zaidi ni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akakombolewa na kusomeshwa katika shule ya Nasik kule India. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu waliotumwa kumfuata Livingstone, aliyekuwa akiwasubiri kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wetu. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwezi Mei 1873, watumishi wake Chuma na Susi walijua kwamba safari ya kurudi pwani na maiti itazua maswali. Nani alikuwepo? Mali ilikuwa kiasi gani? Mbona kitu fulani hakipo? Kwa hiyo masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, na Wainwright akaandika orodha ya vilivyomo. Moyo wa marehemu ukazikwa chini ya mti, naye akachonga maandishi kwenye gome. Akatunza na shajara ya safari ile, iliyopita hapa Unyanyembe kabla ya kufika Bagamoyo. Aprili 1874 alikuwa London, kwenye maziko ya Westminster Abbey. Baadaye alirudi Afrika Mashariki, na mwaka 1892 akafia Urambo, jirani zetu kabisa.

Hebu tazama alichoandika kijana yule. Orodha ya vitu. Maneno machache kwenye mti. Maelezo ya siku kwa siku. Ni kazi ambazo mtoto wa miaka 12 anaziweza. Kilichozipa uzito ni kwamba kulikuwa na watu mbali ambao wangezisoma na kuuliza maswali, na kwamba kila neno lilipaswa kuwa kweli.

Mfano mwingine ni wa Selemani bin Mwenye Chande. Mjerumani Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni kisha akafundisha Kiswahili Berlin, aliwaomba Waswahili kadhaa waandike safari zao wenyewe. Matokeo yake ni kitabu Safari za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1901. Humo Salim bin Abakari anasimulia Urusi na Siberia, na Chande anasimulia safari yake ya bara, kwenye njia yetu hii, pamoja na vuta nikuvute za hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa njiani. Tunaweza kubishana juu ya nia ya Wajerumani kukusanya maandishi hayo, na tuna haki. Lakini tukumbuke kwamba watu wale walipewa kazi ya kuandika, kama tunavyowapa watoto, nao wakaandika vizuri kwa sababu aliyeuliza alikuwa hajui wanachokijua wao. Mwalimu anayesahihisha "Likizo Yangu" kwa mara ya hamsini hana swali lolote la kumuuliza mwandishi wake.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni kwa sababu ya korona, binti wa dada yangu alikuwa kwetu. Ulikuwa msimu wa viazi vitamu, na mama yangu alikuwa anaanika matobolwa. Nikamwomba binti amwandikie binamu yake wa Dar es Salaam namna ya kuyatengeneza. Aliandika mistari mitatu: unachemsha viazi, unakata vipande, unaanika juani hadi vikauke. Alipoleta, alitarajia alama. Nikayapiga picha maandishi yake kwa simu, nikaituma Dar.

Jioni binamu akapiga. "Sasa wewe, unamenya kabla ya kuchemsha au baada? Na nitajuaje vimekauka?" Binti akaduwaa, akakimbilia jikoni.

"Bibi, vinaanikwa siku ngapi?"

"Siku hazina kazi, mjukuu wangu, jua ndilo linaamua," mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Chukua kipande gonga kwa kipande. Kikilia, kimekauka."

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Viazi vinachemshwa na maganda yake, vinamenywa vikishaiva, vinakatwa vipande, na ile habari ya kugonga ilikuwemo. Aliongeza mwenyewe kwamba usiyachanganye na michembe, maana michembe hukatwa ikiwa mibichi. Sikumfundisha kanuni yoyote ya uandishi siku hiyo. Binamu ndiye aliyemfundisha, kwa kukosa kuelewa.

Tangu hapo tulikuwa na mtindo. Orodha ya kila kilichomo stoo, iliyoandikwa ili babu aliyeko shamba aamue cha kuuza. Maelekezo ya kufika kwetu kutoka stesheni, kwa mgeni asiyetaka kuuliza mtu. Taarifa ya ugomvi wa kuku na jirani, kwanza kama tulivyouona sisi, kisha kama angeusimulia jirani. Hiyo ya mwisho ilimsumbua kuliko zote, na ndiyo niliyoithamini zaidi.

Maana kuandika kunafunza tabia pia, na barabara yetu ina funzo zito hapo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili uzeeni Zanzibar, na kitabu chake kinasomwa hadi leo. Ni simulizi ya mtu aliyeshinda, naye anachagua cha kusema kama kila asimuliaye habari zake. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe zilizomtajirisha yeye na wenzake hawakutuachia shajara. Wala waliofungwa minyororo. Tunawajua kwa sehemu kubwa kupitia kalamu za waliowaajiri, waliowauza au waliowahurumia. Mtoto anayejifunza kuandika upande wa jirani yake anaanza kuuliza, akishika kitabu chochote cha historia, ni nani hapa hakupewa nafasi ya kusema. Swali hilo halisilibwi.

Nijibu na pingamizi mbili ninazozisikia. Ya kwanza ni kwamba hayo ni mambo ya Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya, ambako mzazi anaruhusiwa kumfundishia mtoto nyumbani badala ya shule. Sisemi tuwatoe watoto shuleni. Kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mtoto kusoma shule ya msingi, na ni vizuri. Lakini shule ikifungwa siku ya Ijumaa, na wakati wa likizo, mwalimu anayebaki ni nyumba. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kumtafutia kila mmoja msomaji. Wewe unaweza, kwa sababu una ndugu Sikonge, Kahama na Dar, na wote wana maswali.

Pingamizi ya pili ni ya vifaa, na muda. Livingstone alipoishiwa karatasi Manyema mwaka 1871, aliandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea. Ni kwenye karatasi hizo ndipo alipoandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15, 1871, habari iliyoongeza shinikizo lililofunga soko la watumwa Zanzibar mwaka 1873. Mtoto wetu ana daftari la kaunta na kalamu ya kununua dukani kwa jirani. Na nusu ukurasa hauchukui muda mrefu kuliko tamthilia moja ya jioni.

Kwa anayetaka kuanza, masharti yangu ni machache. Kazi iwe fupi, iishe siku hiyohiyo. Msomaji awe mtu halisi, atajwe kabla mtoto hajashika kalamu. Mzazi asianze na wino mwekundu, kwanza aulize, "Hii ni kweli? Uliiona au uliambiwa?" Tahajia itakuja, na itakuja upesi zaidi mtoto akijua kwamba shangazi yake atasoma. Mwisho, msomaji ajibu. Barua isiyojibiwa inamfundisha mtoto kwamba maneno yake hayana kazi, na hilo likishaingia ni vigumu kulitoa.

Sharti hili la mwisho ndilo linalotushinda sisi watu wazima. Tunalalamika kwamba watoto hawajui kuandika, huku wenyewe tunajibu ujumbe wa ukurasa kwa kidole gumba kilichochorwa. Likizo ijayo, kabla hujamtafutia mwanao tuisheni, mtafute ndugu mmoja atakayekubali kupokea barua tatu na kuzijibu zote tatu. Ukimkosa katika ukoo mzima, basi tatizo la uandishi halikuanzia kwa mtoto.