Raundi za Mwisho

Kibondo, kwenye banda la kuonyesha mpira, ngumi hazijazi watu kama Simba na Yanga, lakini wachache wanaokuja huja na maneno. Usiku mmoja, pambano lilipokwisha, dereva wa bodaboda aliyekaa benchi la mbele alitoa hukumu yake: Muhammad Ali angetundika glavu mapema, jina lake leo lingekuwa kubwa zaidi. Hakuna aliyembishia. Kesho yake, nikiwa kwenye basi la kwenda Kasulu, neno lile likaanza kunisumbua. Lingekuwa kubwa zaidi kwa nani?

Tuanze na yaliyotokea. Ali alistaafu mwaka 1979 akiwa bingwa wa dunia. Februari 1980 alitua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Miezi minane baada ya safari ile, tarehe 2 Oktoba 1980, Ali akiwa na miaka 38 alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na Larry Holmes, aliyekuwa amefanya naye mazoezi kwa miaka. Kwa raundi kumi alipigwa karibu bila kujibu, mpaka Angelo Dundee, kocha wake, akakataa asitoke tena kwenye kona. Desemba 1981 akashindwa kwa pointi na Trevor Berbick huko Bahamas. Ndipo akaacha. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson.

Je, usiku wa Las Vegas ulipunguza chochote katika usiku wa Kinshasa?

Kuna mzee seremala Kasulu ambaye siku hizi mikono yake inatetemeka. Viti anavyotengeneza sasa vinayumba, na wateja wamehamia kwa vijana. Lakini milango aliyoichonga alipokuwa na nguvu bado ipo kwenye nyumba za watu, inafunga sawasawa, haijapinda. Kiti chake kibovu cha mwaka huu hakiwezi kwenda kuilegeza bawaba ya mlango wa zamani. Kilichofanyika vizuri kimeshafanyika. Hii ndiyo maana ya kwanza ya urithi wa mtu: kazi yenyewe. Kwa maana hiyo, Holmes hakuweza kumnyang'anya Ali kitu, kwa sababu yaliyopita hayana mlango wa kuyarudia.

Utasema urithi ni zaidi ya kazi, ni pia kumbukumbu iliyobaki kwa watu, na kumbukumbu huharibika. Ni kweli. Lakini tuangalie inavyoharibika. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambayo imepokea Wakongo tangu mwaka 1996, nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa kijana nchini Zaire tarehe 30 Oktoba 1974, Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Aliufuatilia usiku ule kwenye redio ya jirani. Nilipomtajia Holmes, aliniuliza huyo ni nani. Si kwamba hajui ngumi. Kinshasa ilimpa kitu, na Las Vegas haikumpa chochote, basi akabaki na alichopewa. Nadhani wengi wetu tunakumbuka hivyo. Hatujumlishi ushindi na kutoa vipigo kama mwenye duka anayefunga hesabu jioni.

Na wakati mwingine kipigo chenyewe ndicho kinachobaki. Mfikirie John Mugabi wa Uganda. Alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ileile ya Moscow, kisha katika ngumi za kulipwa akawaangusha wapinzani wake wote, mmoja baada ya mwingine, hadi Machi 1986 alipokutana na Marvin Hagler huko Las Vegas na kuangushwa katika raundi ya 11. Mwaka 1989 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC baada ya René Jacquot kuteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Waulize wapenzi wa ngumi wanamkumbuka Mugabi kwa lipi. Watakusimulia usiku alioshindwa na Hagler, si usiku aliovaa mkanda. Kama kushindwa kungekuwa sumu ya urithi, jambo hilo lisingewezekana.

Hoja nzito zaidi ni ya upande mwingine. Sisi Watanzania tuna neno tulilolipata kutoka Kizanaki, kung'atuka, ambalo Mwalimu alilipa uzito alipoachia urais mwaka 1985. Neno hili lina maadili ndani yake: kujua wakati wa kuondoka ni sehemu ya ukubwa. Kwa hoja hiyo, kosa la Ali halikuwa kupigwa, lilikuwa kukataa kuambiwa. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alikuwa ameshaondoka kwenye kona yake tangu mwaka 1977, baada ya kumshauri aache naye asisikie.

Naiheshimu hoja hii, lakini inasahau jambo moja. Kabla ya Kinshasa pia Ali aliambiwa amekwisha. Alikuwa na miaka 32, na Foreman alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton, mabondia wawili waliowahi kumshinda yeye, kila mmoja ndani ya raundi mbili. Waliomwonea huruma walikuwa na sababu. Ukaidi uliomfanya asiwasikilize mwaka 1974 ndio uliomfanya asimsikilize mtu mwaka 1980. Hatuwezi kuusifu ukaidi ule Kinshasa kisha tukauita upumbavu Las Vegas, kana kwamba ni wa watu wawili tofauti. Kilichobadilika ni mwili. Na kuutazama mwili wa bondia si kazi ya bondia peke yake. Ni kazi pia ya wanaotoa leseni, wanaopanga mapambano na wanaouza tiketi.

Hapa nyumbani jambo hili halihusu jina tu. Agosti 2013 Francis Cheka alimshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam na kuchukua mkanda wa WBF. Miaka michache baadaye, alipoanza kushindwa na wadogo zake, vijiweni walisema amejiharibia. Sikusikia aliyeuliza bondia anayestaafu nchini kwetu anaishi kwa nini. Mwalimu wa shule akistaafu ana pensheni, hata kama ni ndogo. Bondia ana glavu zake, na promota anayempigia simu. Ni rahisi kumwambia mtu alinde heshima yake ikiwa heshima hiyo hailipi ada ya mtoto.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: vipigo vya mwishoni havigusi urithi wa bondia mkubwa, vinamgusa mtu mwenyewe. Vinagusa macho yake, usemi wake, mikono itakayoshindwa kushika kikombe cha chai akiwa na miaka 50. Tukisema "angeacha mapema, angelinda jina," tunakuwa tunajihurumia sisi watazamaji, kwa sababu tumeharibiwa picha tuliyoipenda. Sababu ya kumtaka aache ni nyingine, na haihitaji jina kubwa. Yule anayepigana mapambano ya utangulizi saa mbili usiku, ukumbi ukiwa bado mtupu, anastahili naye kupimwa kichwa kabla ya kupewa leseni. Yeye hana urithi wa kulinda, na bado ana kichwa kimoja tu.