Sikio la Nyumba Limtii Mwenye Nyumba

Ndugu zangu mafundi, walimu na wanafunzi, nanyi wazazi wenye vijana wasiochoka kufungua redio mbovu: nina neno nanyi, nalo ni moja. Kitu kinachosikiliza ndani ya nyumba sharti kimtii mwenye nyumba. Kisipomtii, jengeni chenu.

Amazon ilitoa spika janja yake, Echo, mwaka 2014. Unaiita, inajibu. Lakini maneno yako hayabaki sebuleni. Yanapita kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, yanachambuliwa huko, ndipo jibu linarudi. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza shauri la serikali ya Marekani kuhusu kuhifadhi sauti za watoto. Sauti za watoto, ndugu zangu! Na Machi 2025 ikaondoa hata ile nafasi waliyokuwa nayo baadhi ya wateja wa Marekani ya kuzuia sauti zao zisipelekwe kwa kampuni. Je, mgeni anayepeleka kwa bwana wake kila unalomwambia, ungemtandikia kitanda? Mbona basi mashine tunaikaribisha kwa mikono miwili?

Tena Alexa, anayesema ndani ya Echo, hakufundishwa Kiswahili. Mtu wa Tanga au Bukavu abadili lugha ndipo atumikiwe nyumbani kwake mwenyewe! Hilo tusilikubali.

Msiniambie kwamba kujenga spika yetu ni kazi ya mabingwa wa ng'ambo. Itazameni yenyewe. Tafuta kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ile inayoenea kiganjani, kadi ya kumbukumbu, maikrofoni ya USB, chaja, na spika yenye amplifaya yake. Ndani ya kompyuta hiyo mna kazi nne. Programu ya kwanza inakesha ikingoja jina moja tu, jina ulilolichagua wewe. Ikilisikia, ya pili inageuza sauti kuwa maandishi. Whisper, iliyotolewa huria na OpenAI mwaka 2022, hufanya hivyo. Ya tatu inatambua umetaka nini. Ya nne inalisema jibu, na Piper, mojawapo ya programu za kazi hiyo, inayo sauti ya Kiswahili, tena cha Kongo. Miradi huria ya Rhasspy na Home Assistant imekwisha kuwaonyesha watu namna ya kuziunga zote nne. Kila kitu hufanyika hapo mezani, bila bando, na hakuna neno linalovuka mlango.

Na unaweza kuifunza mila za nyumba yako. Bibi akisema, "Nikumbushe dawa saa mbili usiku," mistari michache ya lugha ya programu iitwayo Python inatosha kuijulisha mashine kwamba bibi anataka saa 20:00. Nani atakuja kukuandikia mistari hiyo? Ni wewe! Programu huria imekupa ruhusa ya kuifungua, kuisoma, kuisahihisha na kumpa jirani.

Tena kilicho huria hakifi na tajiri wake. Kampuni ya Mycroft ya Marekani ilianza kutengeneza spika ya namna hii mwaka 2015. Mwaka 2023 ikaishiwa nguvu na kusimamisha kazi. Lakini programu ilikuwa wazi kwa wote. Watu wa mradi wa OpenVoiceOS waliichukua, nao wanaiendeleza. Spika yenye programu ya siri, kampuni ikizima kompyuta zake, hugeuka pambo la kabati.

Ugumu upo, wala siufichi. Whisper ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na karibu theluthi mbili ni Kiingereza. Ndiyo maana modeli ndogo zinazoenea katika Raspberry Pi hukosea sana Kiswahili, na zile kubwa hudai kompyuta yenye nguvu zaidi. Tusikae tukilalamika! Mashine hujua sauti ilizopewa. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukipokea sauti za kujitolea tangu mwaka 2017, Kiswahili kimo, na yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Mtu wa Pemba asome sentensi zake. Wa Kisumu asome. Wa Kisangani asome. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na sisi tumetumai cha wasio hata ndugu zetu.

Basi anzeni. Andika amri kumi tu unazozihitaji kweli: kuwasha taa, kutaja saa, kukumbusha dawa. Programu ilinganishe ilichosikia na orodha hiyo, ichukue iliyo karibu zaidi, makosa yatapungua. Mwalimu, fungua spika hiyo mbele ya darasa, kila mtoto aone maikrofoni iko wapi na maneno yanakwenda wapi. Fundi, ukifaulu usifiche: toa programu yako hadharani, jina lako likiwa juu yake, ili wa Lubumbashi aanzie ulipofika. Mzazi, kijana akikuomba hela ya maikrofoni, mpe. Lugha yetu ina watu wa kuisema. Sasa iwe na watu wa kuijengea mashine. Jengeni!