Jiwe la Berlin na Majina Yetu Himo



Ijumaa ya leo nawaombeni dua kwa Mwislamu mwenzetu, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Ujerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe aliingia jeshini angali mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao, yake na ya marehemu baba yake. Hawakumlipa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ikamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, ikamtia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Tangu mwaka 2007 liko jiwe lake la kumbukumbu Berlin, katika mtaa wa Brunnenstraße, palipokuwa makazi yake. Ni kijiwe cha sentimita 10 kwa 10, uso wake shaba ya manjano, kimepandwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Msanii Mjerumani Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha kazi hii ya kuwakumbuka walioteswa na serikali ya Hitler, na leo mawe ya namna hiyo yamepita 100,000 barani Ulaya. Kila moja lina jina la mtu mmoja. Kulisoma sharti uiname.

Asitokee wa kusema huku ni kutukuza mawe. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka kichwani mwa kaburi la sahaba wake Uthman bin Madh'un, apate kulitambua kaburi la ndugu yake. Alama si ibada.

Sasa tujiulize sisi. Machi 1916 Vita hivyo vya Kwanza vilipita hapa petu, kutoka Salaita na Taveta kuja Himo hadi Moshi. Wapagazi wa pande zote mbili, wa Waingereza na wa Wajerumani, walibeba risasi na unga mpaka wakaanguka njiani kwa njaa na maradhi. Wazungu waliokufa wana makaburi yenye majina. Wapagazi wengi hawana hata mstari mmoja, nao walikuwa waja wa Mwenyezi Mungu kama wale. Huo ni udhalimu, na kunyamaza kwetu kunauendeleza.

Mkitoka msikitini leo, mwenye babu au bibi aliye hai akakae naye. Aulize nani alichukuliwa kuwa mpagazi, nani hakurudi, aandike jina kamili na la baba yake, kisha alilete kwa imamu tuwaombee Ijumaa ijayo.