Chimbeni Mitaro Kabla Maji Hayajaja

Somo: 2 Wafalme 3:9-25



Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, walizunguka jangwani siku saba pamoja na majeshi yao. Maji yakawaishia, watu na wanyama. Mmoja akaanza kumlaumu Mungu. Mwingine akauliza kama hakuna nabii wa Bwana. Elisha alipopata neno, aliwaagiza wajaze bonde mitaro. Hawangeona upepo wala mvua, lakini bonde lingejaa maji. Asubuhi maji yakaja.

Ndugu yangu, angalia utaratibu huo. Maji ni ya Mungu, jembe ni la mwanadamu. Kama wale askari wangelala kwa sababu hawakuona wingu, maji yangekuja na kupita, nao wangebaki na kiu.

Ukisimama Kiriri, juu ya Bujumbura, unaona Ziwa Tanganyika limetandaa chini. Kina chake kinafika karibu mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal peke yake. Mji unakunywa kutoka ziwa hilo. Hata hivyo, kiangazi kinapoingia, tangu Juni mpaka Septemba, kuna akina mama vilimani wanaoamka usiku kutafuta bido moja. Kwa nini? Kwa sababu kilima kimevuliwa nguo. Mvua isipokuta majani wala mtaro haiingii ardhini, inakimbia na udongo wetu. Kiangazi chemchemi inakauka, na wakati wa mvua mto Ntahangwa unakula kingo zake na kuangusha nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji kutoka milimani yaliingia Kamenge, Kinama na mitaa mingine ya kaskazini ya Bujumbura, watu zaidi ya 60 wakafa. Tunadhani ukame na mafuriko ni maadui wawili. Mara nyingi ni mapacha.

Najua neno lililo moyoni mwa wengi: "Hii si nchi yetu. Kesho tutahamishwa. Nipande mti, atakula nani?" Mimi pia nililisema. Mwaka wangu wa kwanza wa ukimbizi nilikata mti mchanga penye mteremko, nikapikia siku mbili. Mvua zilipokuja, maji yalipasua njia pale pale na kuingia kwa jirani yangu, mjane mwenye watoto wadogo. Hakunilaumu, kwa kuwa hakujua. Lakini Mungu alijua, na mimi nilijua. Nikaenda kuungama kwake, kisha tukachimba mtaro pamoja.

Wayahudi waliopelekwa Babeli walikuwa na neno hilo hilo. Yeremia aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutafutia amani mji walikohamishwa (Yeremia 29:5-7). Na katika somo letu, mstari wa 25, tunasoma jinsi vita vilivyoziba chemchemi na kuangusha miti mizuri. Sisi tuliokimbia vita tunajua kazi hiyo. Je, tuiendeleze kwa mikono yetu wenyewe mahali tulipopokelewa?

Basi tufanye nini?

Tuanze nyumbani. Kiwango cha chini kinachotajwa katika misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani bido nne na nusu. Kwa hiyo kila kikombe kina kazi. Maji ya kuoshea mboga yapelekwe kwenye bustani ya gunia. Maji ya kufulia yaoshe sakafu. Ya kunywa yafunikwe. Lakini tusipunguze maji ya kunawa mikono, maana kipindupindu hakina huruma.

Tukinge mvua. Bati la mita za mraba 20, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linaweza kutoa karibu lita 200. Hizo ni bido kumi ambazo binti yako hataenda kuzipigania bombani. Maji ya kwanza yaache yaoshe bati.

Shambani, mitaro ikate mteremko kwa upana, isishuke nao. Kwenye kingo zake tupande majani ya mifugo na miti. Na kabla ya kuchimba, tuzungumze na wenyeji wa kilima, kwa sababu maji ni yetu sote.

Baada ya kulisha watu elfu tano, Yesu aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12). Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate hakutupa makombo. Sisi tunaopanga foleni tangu alfajiri, tutamwagaje maji ovyo?

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe miti tuliyokata na maji tuliyomwaga. Utupe mvua kwa wakati wake, na itukute tumeshachimba. Siku utakapoturudisha makwetu, watakaobaki hapa wakute chemchemi hai. Katika jina la Yesu, Amina.