Kabla Hujaingia Chini ya Gari

Tafakari ya wiki: Kumbukumbu la Torati 22:1–8



Sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati imejaa mambo ya nyumbani. Humo kuna ng'ombe aliyepotea, vazi lililookotwa, kiota cha ndege kando ya njia. Mstari wa 4 unamtaja punda wa ndugu yako aliyeanguka barabarani, na unakuagiza usijifanye hujamwona: msaidie mwenyewe, mmwinue pamoja. Kisha mstari wa 8 unamtaka anayejenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta, asije mtu akaanguka kutoka juu na nyumba ikabeba hatia ya damu.

Dari za Waisraeli zilikuwa bapa, na watu walizitumia kila siku. Kule Yeriko, Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, chini ya mabua ya kitani. Petro akiwa Yafa alipanda darini kuomba yapata saa sita mchana. Kwa hiyo Mungu alijua watu watapanda huko, na alijua kuna siku mmoja atateleza. Angeweza kuahidi kwamba malaika watamdaka kila atelezaye. Aliagiza ukuta.

Nimekaa na mstari huu wiki nzima kwa sababu ya jambo ninaloliona Jumamosi katika nyua zetu. Maisha yamebana, na ndugu zetu wengi sasa wanamwaga oili ya gari wenyewe nyumbani. Ni jambo jema. Mtu anajua ameweka oili gani, anaona kama kuna mahali panavuja, na kijana wa nyumbani anajifunza kazi. Siwakatazi hata kidogo. Lakini nimeona gari limeinuliwa kwa jeki peke yake, na mwenyewe amelala chini, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nimeona matofali yamepangwa chini ya bodi. Na nimeongoza ibada ya mazishi ya mtu aliyefariki hivyo.

Uani kwa marehemu kulikuwa na tofali la saruji lililopasuka vipande viwili, upande mmoja umesagika kuwa unga. Hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kuliondoa. Watu waliingia, wakatoa pole, wakaketi mkekani, na mmoja baada ya mwingine wakasema siku yake ilikuwa imefika. Naelewa kwa nini tunasema hivyo. Mjane anahitaji kusikia kwamba mumewe yuko mikononi mwa Mungu, na ni kweli yuko. Yesu mwenyewe, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Basi yeyote aliyempoteza mtu kwa njia hii asihukumiwe na kanisa, wala asijihukumu usiku akiwa peke yake. Lakini sisi tuliobaki hatuna ruhusa ya kulifunika tofali lile kwa maneno ya imani. Tukisema ni siku tu imefika, Jumamosi ijayo jirani atapanga matofali yake vilevile.

Kwa hiyo leo nitaeleza kazi yenyewe, maana kumpenda jirani hapa kuna utaratibu wake na kuna vifaa vyake.

Vitz au IST ina uzito wa karibu tani moja. Noah inakaribia tani moja na nusu. Kazi ya jeki ni kuinua uzito huo. Kuushikilia juu ya mtu si kazi yake. Jeki ya magurudumu wanayotumia mafundi husukumwa na mafuta yaliyofungiwa ndani, na kinachoyazuia yasirudi ni sili za mpira na vali ndogo. Sili ikichoka, jeki inashuka, pengine polepole, pengine ghafla, na bila dalili yoyote. Ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi la pancha njiani, basi. Kitako chake ni chembamba na huyumba. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki hiyo peke yake.

Tofali nalo lilifyatuliwa libebe ukuta, uzito ukiwa umeenea juu yake lote. Ukingo wa bodi ya gari hugandamiza mstari mmoja mwembamba, na saruji haipindi kwanza ndipo ivunjike. Hupasuka mara moja. Tena tunajua matofali mengi ya mitaani yana mchanga mwingi na saruji kidogo.

Kinachotakiwa kubeba gari ni stendi, vile vyuma vya miguu vinavyosimamishwa chini yake baada ya jeki kuinua. Ziwe jozi, ziwe zimeandikwa uzito zinaoweza kubeba, na zote mbili zifungwe kwenye kimo kimoja.

Lakini kwanza jiulize kama kuna haja ya kuinua. Land Cruiser na pikapu nyingi ziko juu kiasi kwamba mtu hufika kwenye nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, gari likiwa limesimama kwa matairi yake yote manne. Kama kuna gereji jirani yenye shimo, zungumza na fundi akuruhusu ulitumie. Ikilazimu kuinua, tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare. Ninyi mnaoishi Dar es Salaam na pwani yote mnajua nyua zetu zilivyo: mchanga mtupu. Jeki ya magurudumu inapopanda, mkono wake huchora upinde, hivyo jeki yenyewe lazima isogee kidogo chini ya gari. Kwenye mchanga magurudumu yake yanazama, haisogei, na kichwa chake kinaanza kuteleza pale kiliposhika. Miguu ya stendi nayo inazama, mmoja zaidi ya mwingine. Asiye na saruji nyumbani aje kanisani. Ile sakafu mbele ya ukumbi iko wazi Jumamosi asubuhi, na wazee wa kanisa wamekubali.

Sasa kuna jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hawalifikirii. Magari mengi madogo tunayoendesha huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukiweka gia kwenye P, au gia ya kwanza kwa gari la gia za mkono, magurudumu yanayozuiwa ni hayo ya mbele. Ukiyainua yote mawili hewani ili ufike kwenye sampu, P haizuii tena chochote. Kinacholishika gari ni hendibreki peke yake, ambayo katika magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma, na waya wake huenda umelegea miaka mingi bila wewe kujua. Ndiyo maana ni lazima uweke kabari kwenye matairi ya nyuma, mbele na nyuma ya kila tairi. Kabari iwe ya mbao ngumu iliyokatwa mshazari. Jiwe la mviringo linabingirika.

Kitabu cha gari kinaonyesha mahali pa kuwekea jeki. Mara nyingi ni kwenye pindo la chuma chini ya milango, nyuma kidogo ya tairi la mbele, penye alama mbili za mkato. Usiweke jeki chini ya sampu yenyewe, itabonyea au kupasuka. Gari likishapanda, simamisha stendi mahali paliporuhusiwa, kisha shusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukalie stendi.

Na hapo bado usiingie. Simama ubavuni mwa gari, weka viganja vyote viwili kwenye bodi, ulisukume kwa nguvu, kisha nenda upande wa pili ufanye vilevile. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama. Likitulia, chukua tairi la akiba, lilaze chini ya ubavu wa gari karibu na stendi. Kila kitu kikishindikana, huenda tairi hilo likaacha nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Nawasihi sana kina baba msilidharau tairi hilo. Halina gharama, tayari mnalo kwenye buti.

Wakati wa hatari zaidi ni ule wa kufungua nati. Oili inatakiwa iwe ya vuguvugu ili itoke vizuri, kwa hiyo injini huwashwa dakika chache kabla ya kuinua, ikazimwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwako. Mtu yuko chali, ekzosti ya moto iko karibu na paji la uso wake, nati imekaza. Anachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, anakaza miguu yake ukutani, anavuta kwa mwili mzima. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye gari, na gari linaivuta stendi. Tumia spana ya saizi yake inayokamata nati pande zote, vuta kwa mvuto mfupi, na ikigoma toka chini umwite fundi. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Mtoto akiitwa kushika tochi, asimame pembeni, kichwa chake kisiingie chini. Asiwemo mtu ndani ya gari. Na mtu mzima mmoja nyumbani ajue kwamba uko chini, tena asikie ukiita. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko, ipelekwe kwa fundi. Isimwagwe mtaroni, kwa sababu maji ya mtaro huo yanapita kwa jirani.

Kuna ndugu aliyeniambia, kwa moyo safi kabisa, kwamba yeye huomba kabla ya kuingia chini ya gari na Mungu amemlinda siku zote. Namshukuru Mungu pamoja naye. Lakini niliona vema tufungue pamoja Mathayo sura ya 4, pale Ibilisi anapomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumshauri ajitupe, kwa kuwa imeandikwa malaika watamchukua mikononi. Andiko alilotumia ni la kweli, ni la Zaburi. Bwana wetu alilikataa shauri hilo kwa maneno kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kwamba haifai kumjaribu Mungu. Ni kitabu kilekile chenye agizo la ukuta wa darini. Tuliketi na mistari hiyo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza stendi zinauzwa wapi.

Swali hilo lilitusukuma. Umoja wa wanaume umenunua jozi mbili za stendi, jeki moja ya magurudumu na kabari za mbao, na vyote viko ofisi ya usharika. Atakayeazima aandike jina lake na namba ya simu, na avirudishe kabla ya ibada ya Jumapili ili mwingine apate. Jumamosi hii saa tatu asubuhi fundi mmoja wa usharika wetu ataonyesha kazi yote, tangu kuweka kabari hadi kushusha gari, pale mbele ya ukumbi. Kina mama mnakaribishwa sawasawa, maana wengi wenu mnaendesha. Na aliye peke yake nyumbani, hana wa kumsikia akiita, aseme ofisini. Tutamtumia kijana wa kukaa naye mpaka atakapotoka chini ya gari.