Jumatatu: Nati Ndani ya Injini

Soma Yoshua 7:1–12 na Mithali 28:13. Kwa nini kosa la mtu mmoja liliwazuia Israeli wote kusonga mbele?

Fikiria fundi Mwadventista katika gereji moja ya Tunduma, Ijumaa jioni. Anabadilisha plagi za gari la abiria. Nati ndogo inamponyoka na kutumbukia katika tundu la plagi, hadi juu ya pistoni. Hakuna aliyeona. Jua linakaribia kuzama, na dereva ana haraka ya kufika Mbeya. Fundi anaweza kufunga plagi, kupokea fedha yake na kwenda kufungua Sabato. Lakini anajua kwamba gari likiwashwa, pistoni itaigonga nati ile mpaka injini iharibike.

Ndivyo ilivyokuwa Ai. Kilichofukiwa hemani mwa Akani hakikuonekana, lakini watu wapatao 36 walikufa. Mungu hakuwaagiza Israeli wapigane kwa bidii zaidi. Aliwataka waondoe kilichofichwa.

Fundi anasema, "Samahani kaka, nati imeangukia ndani. Tusiwashe." Anashusha sumaku iliyofungwa kwenye waya. Isiponaswa kabla ya jua kuzama, gari litalala hapo hadi Jumapili. Gharama ya kukiri anailipa yeye. Gharama ya kunyamaza wangeilipa abiria.

Je, kuna jambo ulilolifunika ambalo wengine ndio watakaolilipia? Ni nani unayepaswa kumwambia kabla Sabato haijaingia?